Mtoto mchanga anayecheua: mwongozo kamili wa kumtuliza, kwa wazazi wa Lamu

Mtoto akicheua maziwa kila anaponyonya, katika nyumba nyingi za Lamu huanza shauri. Bibi husema ni mchango. Jirani husema ni zongo, mtoto ameonwa. Shangazi huuliza kwa sauti ya chini kama wazazi wake hawajambemenda, yaani kumharibu kwa kulala pamoja angali ananyonya. Ikifika magharibi, mtoto wa wiki tano ameshatiwa kinywani maji ya uvuguvugu, asali, gripi wota na matone ya dawa iliyobaki ya mtoto wa mtu mwingine, na bado anacheua.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu karibu kila kitu anachotiwa mtoto huyo hakimfai, na baadhi kinaweza kumuua. Kinachomsaidia ni namna anavyonyonyeshwa, anavyoshikwa na anavyolazwa, kisha muda. Nitaeleza hatua moja baada ya nyingine, na nitakaa zaidi pale ambapo nimeona watu wengi wakikosea.

Kinachotokea tumboni

Chakula hushuka kutoka kinywani hadi tumboni kwa kupitia umio. Pale umio unapokutana na tumbo pana msuli wa duara unaofunguka ili chakula kipite, kisha ukajifunga. Kwa mtoto mchanga msuli huo haujakomaa. Hulegea wakati wowote, kama mdomo wa mfuko ambao kamba yake haijakazwa. Tena chakula chake chote ni majimaji, saa nyingi za siku yuko chali, na tumbo lake ni dogo mno. Siku ya kwanza mililita 5 hadi 7 humtosha kwa mnyonyo mmoja, yaani kijiko kimoja cha chai na kidogo juu yake. Akifika siku ya kumi bado ni mililita 45 hadi 60 tu. Yanayozidi hurudi njia yaliyoshukia.

Maziwa yanaporudi huja na asidi ya tumbo, na hicho ndicho kiungulia. Baadhi ya watoto huwachoma, wakalia na kupinda mgongo nyuma. Wengi zaidi hawasikii chochote: hucheua, huchekacheka, na kutaka titi tena.

Hali hii huwapata watoto wanne au zaidi katika kila kumi. Kwa kawaida huanza kabla ya wiki ya 8, hufikia kilele karibu na mwezi wa 4, na watoto tisa katika kila kumi huwa wameachana nayo kabla ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo mtoto anayecheua lakini ananyonya vizuri, anaongezeka uzito na anakojoa sawasawa si mgonjwa, hata kama leso zako zote zinanuka maziwa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wazazi. Kilio cha watoto wote, wenye kiungulia na wasio nacho, huzidi kadiri wiki zinavyokwenda hadi kufikia kilele karibu na wiki ya 6, hasa jioni, kisha hupungua. Daktari wa watoto wa Marekani T. Berry Brazelton alilieleza hilo tangu mwaka 1962. Ndiyo maana mtoto wa wiki sita anayelia kuanzia alasiri hadi isha, na ambaye pia hucheua, si lazima awe analilia tumbo.

Kabla ya lolote: dalili za kwenda hospitali

Soma sehemu hii hata kama hutasoma nyingine.

Matapishi ya rangi ya kijani kama majani ni dharura ya saa hiyo hiyo. Kijani hicho ni nyongo, na huenda utumbo umejisokota. Usingoje kupambazuke. Vivyo hivyo matapishi yenye damu, au yaliyo meusi kama machicha ya kahawa. (Kama chuchu zako zimepasuka, damu inaweza kuwa yako mwenyewe aliyoimeza, hata hivyo mpeleke aangaliwe.)

Matapishi yanayoruka mbali kwa nguvu, kila anaponyonya, na mtoto akaonekana ana njaa papo hapo, yachukulie kwa uzito sana ikiwa ana umri wa kati ya wiki 2 na 8. Njia ya kutokea tumboni inaweza kuwa imekazana ikaziba. Huwapata wavulana zaidi ya wasichana, na huponywa kwa upasuaji mdogo. Akicheleweshwa hukauka maji mwilini.

Nyingine ni hizi: joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu; utosi uliovimba au uliodidimia; tumbo lililojaa na kuwa gumu; damu kwenye choo; kupumua kwa shida, kubadilika rangi au kusita kupumua; kulegea, kusinzia asiamkie titi; kukataa kunyonya kabisa; winda au nepi zilizolowa kupungua chini ya sita kwa siku baada ya wiki ya kwanza; na uzito kusimama au kushuka. Mtoto ambaye hakuwahi kucheua kisha akaanza baada ya miezi sita naye aangaliwe.

Sisi wa visiwani lazima tuamue mapema kuliko watu wa bara. Aliyeko Pate, Siyu au Kizingitini anajua kuwa chombo husubiri maji, na mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki kila saa. Ukiona dalili moja kati ya hizo mchana na maji yapo, ondoka. Usiseme tutazame mpaka kesho. Faza kuna hospitali, Mpeketoni kuna hospitali, na Lamu mjini kuna Hospitali ya King Fahd. Ikihitajika upasuaji wa mtoto mchanga huenda mkapelekwa Mombasa, kwa hivyo beba kijitabu cha kliniki, leso za kutosha, na usafiri na mtu mzima mwingine wa kukushikia mtoto.

Hatua ya kwanza: andika na upime, kabla ya kubadilisha kitu

Chukua daftari. Kwa siku tatu andika saa aliyonyonya, titi gani, alicheua baada ya muda gani, mengi au machache, alilia au hakulia. Andika pia winda zilizolowa. Daktari au nesi akiliona daftari hilo atakuelewa kwa dakika moja kuliko ukimwambia "anatapika kila kitu".

Maana "kila kitu" mara nyingi si kila kitu. Jaribu hivi: pima kijiko kimoja cha mezani cha maji, mililita 15, uyamwage juu ya leso kavu. Utashangaa doa linavyotapakaa. Sasa lilinganishe na doa la mtoto.

Uzito ndio hakimu wa kweli. Siku za mwanzo mtoto hupungua kidogo, kisha hurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Kuanzia hapo, katika miezi mitatu ya kwanza, gramu 150 hadi 200 kwa wiki ni mwendo mzuri. Ukimpeleka chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hakikisha amepimwa na alama imetiwa kwenye mchoro wa kijitabu. Mstari ukipanda, tulia, endelea na hatua zinazofuata nyumbani.

Hatua ya pili: rekebisha unyonyaji

Kwanza usiache kumnyonyesha. Maziwa ya mama huondoka tumboni upesi kuliko ya kopo, kwa hiyo kubadilisha kwa sababu ya kucheua ni kurudi nyuma.

Tazama anavyokamata titi. Kinywa kiwe wazi kabisa, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ukisikia sauti ya kutatarika anaponyonya, anameza hewa, na hewa hiyo ikipanda hupanda na maziwa. Mtoe kwa kuingiza kidole safi pembeni ya mdomo wake, umkamatishe upya. Ikiwa kila mara ni vivyo hivyo, mwombe nesi aangalie chini ya ulimi, labda ulimi umefungika.

Mlaze juu yako kwa mshazari: kichwa juu, tumbo chini, mwili wote umenyooka mstari mmoja, shingo isijipinde. Kaa kitako, egemea ukuta ukitumia mto. Wengi wetu tulifundishwa kumwinamia mtoto, tukamkunja mapajani akawa kama kamba (yule wa baharini), na tumbo lililokunjwa husukuma maziwa juu.

Ikiwa maziwa yako hutoka kwa kasi, mtoto akapaliwa, akakohoa na kujitoa kwenye titi dakika ya kwanza, kamua kidogo kwenye leso mpaka kasi ipungue, halafu mpe. Au jilaze chali kidogo naye awe juu yako, maziwa yapande badala ya kumwagika kooni. Akimaliza titi moja akaridhika, usimlazimishe la pili.

Mnyonyeshe kidogo kidogo na mara nyingi, kabla hajaanza kulia kwa njaa. Mtoto aliyelia sana hunyonya kwa pupa na kumeza hewa. Wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali, watu husema mtoto ana kiu apewe maji. Hana haja nayo. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Mwongezee minyonyo mifupi, na wewe mwenyewe unywe maji.

Kama anatumia maziwa ya kopo, kosa la kwanza la kutafuta ni wingi. Kipimo cha kawaida ni kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 4 ni mililita 600. Ukigawa mara nane inakuwa 75 kila mara. Nimekutana na watoto wa uzito huo wanaopewa chupa ya 150 kwa mkupuo mmoja, na mama akashangaa kwa nini nusu hurudi. Fuata vijiko vya kopo bila kuongeza wala kupunguza. Tumia maji yaliyochemshwa na ambayo bado ni moto wa nyuzi 70 au zaidi unapotia unga, kisha yapoze kabla ya kumpa. Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa kwa sababu kinaoshika vizuri na mtoto hunywa kwa mwendo wake. Ukitumia chupa, ilaze karibu usawa, mtoto awe ameketi wima, mpumzishe kila baada ya meza chache, na tundu la nyonyo lisiwe kubwa.

Hatua ya tatu: mbweu, kisha wima

Mpigishe mbweu katikati ya kunyonya na mwishoni. Mweke begani, tumbo lake likigusa kifua chako na si kukandamizwa na mfupa wa bega, umpapase mgongo kwa kiganja kutoka chini kwenda juu. Au mkalishe pajani, kidevu chake ukikishika kwa vidole bila kugusa koo, umwinamishe mbele kidogo. Dakika tano zikipita bila mbweu, acha. Wengine hawana hewa ya kutoa.

Baada ya hapo mshike wima kwa dakika 20 hadi 30. Hii ni hatua muhimu, na ndiyo inayorukwa, kwa sababu inachosha. Mbeleko husaidia: mfunge mbele, kifuani, uso uonekane, kidevu kisizame kifuani, na fundo lisimbane tumbo. Kutembea naye taratibu ukumbini kunatosha. Kumkalisha kwenye kiti cha mtoto chenye mgongo wa kulala nusu hakuhesabiki kuwa wima. Hapo hukunjika tumboni na hucheua zaidi.

Wakati wa wima ni kazi ya nyumba nzima. Saa nane usiku mama amenyonyesha, baba wa mtoto apokee amshike hiyo nusu saa, mama alale. Bibi, mashangazi na ndugu wakubwa wanaotaka kusaidia katika arobaini wapewe zamu hii mchana.

Mambo mengine ya mikono ni mafupi. Muogeshe na umkande kabla ya kunyonya, si baada. Wale wanaomning'iniza miguu juu wakati wa kumkanda waache. Winda isifungwe kwa kukaza kiunoni, na ukimbadilisha baada ya kunyonya mgeuze ubavu badala ya kuinua miguu yote miwili juu ya tumbo. Moshi wa sigara na wa jiko la makaa humzidishia. Kufukiza udi na ubani si lazima kuachwe nyumbani, ila fukiza chumba na leso yeye akiwa chumba kingine, fungua madirisha, kisha umlete moshi umeshatoka.

Hatua ya nne: kulala, na hofu ya kupaliwa

Hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo mapenzi ya wazee na maarifa ya madaktari hugongana.

Mtoto anayecheua naye alazwe chali, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka. Si kifudifudi, si ubavu. Kila bibi ninayemwambia hivi hushtuka: atapaliwa! Ni hofu ya haki, na inastahili jibu.

Njia ya hewa iko mbele ya umio. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu na umio huwa chini yake, kwa hiyo maziwa yanayorudi lazima yapande mlima kuingia kwenye hewa. Hukohoa, humeza, au humwagika pembeni mwa mdomo. Akilala kifudifudi mambo hupinduka: umio uko juu, njia ya hewa chini, na maziwa yana mteremko wa kuingia. Ubavuni si salama pia, maana hujiviringisha akawa kifudifudi nanyi mmelala. Marekani ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa takriban nusu. Vifo vya kupaliwa havikuongezeka.

Kuinua kichwani mwa kitanda kwa matofali au kumwekea mto hakupunguzi kiungulia. Mtoto huteleza mpaka chini, shingo ikajikunja, hewa ikabanwa. Vitanda vya mteremko vilivyouzwa kwa ajili ya watoto wa namna hii vilihusishwa na vifo, na mwaka 2022 Marekani ikavipiga marufuku kwa sheria. Kwa sababu hiyo hiyo usimwache alale usiku kwenye pembea ya leso wala kwenye kitanda cha kamba kilicholegea katikati. Anahitaji godoro gumu lililo bapa, chandarua, na shuka iliyokazwa. Mto, blanketi zito na wanasesere viondoke. Ikiwa unalala naye kitanda kimoja, asikae kwenye upenyo wa ukutani, na kamwe usipitiwe na usingizi naye kwenye kochi.

Kumlaza kwa tumbo ni mazoezi mazuri anapokuwa macho na wewe unamtazama, ila ngoja kama saa moja baada ya kunyonya.

Akipaliwa na anakohoa au analia, hewa inapita: mgeuze ubavu, mfute kinywa, mwache akohoe. Akiwa hakohoi, halii na rangi inabadilika, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, ukishikilia taya, umpige kwa kisigino cha kiganja mara 5 kati ya mabega. Bado? Mgeuze chali, vidole viwili katikati ya kifua chini kidogo ya mstari wa chuchu, bonyeza mara 5. Rudia zamu kwa zamu huku mtu anaita msaada. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona. Akizimia, anza kumfufua kwa pumzi na kubonyeza kifua. Mwombe nesi wa kliniki akuonyeshe kwa mwanasesere kabla siku ya shida haijafika.

Vitu vya kutomtia kinywani

Asali kwanza. Chini ya mwaka mmoja haifai hata kidogo, hata iwe safi vipi, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na utumbo wa mtoto haujaweza kuvizuia. Mtoto hulegea, hushindwa kunyonya, hushindwa kupumua.

Tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga tende kinywani, nailewa na kuiheshimu. Ikifanywa, iwe tende iliyolainishwa, kidole kilichooshwa kwa sabuni, chembe iliyopakwa kwenye kaakaa, na isigeuke kuwa mlango wa vijiko vya asali na maji ya sukari siku zinazofuata. Kombe pia, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa: mama anaweza kulinywa yeye, na mtoto asomewe. Dua haina haja ya kumezwa na mtoto wa wiki tatu.

Gripi wota haijathibitika kutuliza kiungulia, na humjaza tumbo nafasi ya maziwa. Maji ya mvuje, ya bizari tamu na ya tangawizi ni hivyo hivyo. Unga wa mchele au wa muhogo kwenye chupa ili maziwa yawe mazito usiutie kwa uamuzi wako. Kuna watoto ambao daktari huagiza maziwa mazito, kwa kipimo, lakini kwa mtoto wa chini ya miezi sita, na hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, unaweza kumletea madhara. Maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi na ya ngamia yasubiri mwaka.

Na kukata kimeo. Wapo wanaomtazama mtoto kooni, wakaona kilimi, wakasema ndicho kinachomtapisha, wakakikata. Kilimi kimeumbwa mahali pake na hakihusiani na kucheua. Watoto hutoka damu isiyokoma, huingiwa na pepopunda, hufa. Yeyote atakayependekeza hivyo, hata akiwa mtu wa heshima zenu, mkatalieni kwa adabu na kwa msimamo.

Mazungumzo ya kubemenda huumiza kwa njia nyingine. Mama aliyeambiwa kwamba yeye na mumewe wamemharibu mtoto huacha kunyonyesha kwa aibu, au huficha hali ya mtoto. Msuli uliolegea wa umio hauna habari na mambo ya chumbani. Mama mkwe akisema hivyo mbele yako, mwambie, "Mama, nesi amemwangalia, uzito wake unapanda," kisha mpe mtoto amshike wima. Mara nyingi hilo humaliza maneno.

Ikiwa bado: chakula chako, kisha daktari

Hatua hizo zifuate kwa wiki mbili kwa uthabiti. Wengi hamtahitaji kusoma zaidi.

Wachache wana watoto ambao miili yao haikubaliani na protini ya maziwa ya ng'ombe inayopita kwenye titi. Dalili ni kama kucheua kukiandamana na ukurutu wa ngozi, choo chenye kamasi au damu, na kilio kisichoisha. Zungumza na daktari, kisha jaribu kuacha maziwa ya ng'ombe kabisa kwa wiki 2 hadi 4. Ni pamoja na chai ya maziwa, mtindi, siagi, samli, na kwa hiyo halua iliyopikwa kwa samli, na biskuti nyingi za dukani. Jikoni kwetu kuna nafuu: tui la nazi si maziwa ya mnyama. Mahamri ya tui, mkate wa kumimina, wali wa nazi, samaki wa kupaka, vyote kula. Kalisi uipate kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa, mchicha na ufuta. Ukiona nafuu, rudisha maziwa kidogo uone kama hali inarudi. Bila jaribio hilo la pili hujui kama ni maziwa au ni umri tu. Sioni sababu ya kumnyima mzazi supu ya pilipili manga, samaki au maharagwe kwa kukisia. Mama aliyedhoofika kwa kukatazwa vyakula hana nguvu ya hizo nusu saa za wima.

Dawa za kupunguza asidi kama omeprazole haziwafai watoto wanaocheua tu. Hupunguza ukali wa asidi, hazizuii maziwa kurudi. Mwaka 2009 yalichapishwa majaribio ya dawa ya jamii hiyo, lansoprazole, kwa watoto 162: waliopata dawa na waliopata kitu cha mfano wake kisicho na dawa ndani walipata nafuu sawa, asilimia 54 kila upande. Tena asidi hulinda tumbo dhidi ya vijidudu, na kuiondoa huongeza hatari ya maambukizi. Zina nafasi yake kwa mtoto ambaye umio umechubuka, anakataa titi kwa maumivu au haongezeki uzito, kwa kipimo cha daktari na kwa muda uliopangwa. Ranitidine iliyokuwa ikitumika zamani iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya uchafu unaoweza kusababisha saratani. Chupa yake kuukuu ikiwa kabatini, itupe. Domperidone na metoclopramide, ambazo watu huzinunua dukani wakiziita dawa za kutapika, zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo na mishipa ya fahamu ya mtoto. Usizinunue bila kuandikiwa.

Ukienda kwa daktari, peleka daftari, kijitabu, na video fupi ya simu ya mtoto akicheua. Uliza wazi: anaongezeka vizuri? Ni kiungulia cha kawaida au ni ugonjwa? Dawa hii ni ya muda gani, na tutaiacha vipi?

Mama naye

Kulala vipande vipande kwa miezi, huku unanuka maziwa yaliyochacha, huchosha moyo. Ikifika mahali unatetemeka kwa hasira au uchovu, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba, pumua, ita mtu. Usimtikise kamwe, kutikiswa huvunja mishipa ya damu ya ubongo. Ikiwa huzuni haiondoki, hulali hata mtoto akilala, au unajiona bora usingekuwepo, mwambie nesi siku ya chanjo au mhudumu wa afya wa mtaani kwenu kwa maneno hayo hayo. Ni hali inayotibika, na haina uhusiano na udhaifu wa imani.

Kuanzia miezi sita

Akianza kuketi na kula, kucheua hupungua kwa wengi. Anza vyakula akiwa ameketi wima: uji mzito usiodondoka kwenye kijiko, ndizi iliyopondwa, viazi, samaki aliyechambuliwa miiba kwa makini. Kijiko kimoja kimoja, na titi liendelee. Machungwa, ndimu, nyanya na ukwaju vingoje kidogo ukiona vinamrudisha nyuma. Baada ya chakula cha jioni mpe saa moja kabla ya kulala. Wengine wataendelea kucheua hapa na pale mpaka watakapotembea. Akitimiza mwaka na bado anatapika kila siku, mrudishe kliniki hata kama amenona.